Shada la Mzee Ramji

Nimelikana jambo hili mbele ya watu wengi, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemuua Mzee Ramji, mwenye duka la vitambaa mjini Meru.

Ninatafiti historia ya madhehebu ya Kihindu, na mzee huyu ndiye aliyenifungulia mlango wa hekalu na vinywa vya wazee wenzake. Bila yeye sina utafiti. Hekaluni niliona picha za walimu wa dini zimevishwa mashada ya maua ya manjano. Mimi, msomi, nikahitimisha kwamba shada ni heshima. Basi nilipotengeneza tangazo la mhadhara wangu wa Ijumaa mjini Embu, ambako angekuwa mgeni wa heshima, nikaizungushia picha yake maua na kuisambaza kwa simu.

Sikujua kwamba kwao picha ya mtu wa kawaida huvishwa maua akishafariki.

Jamaa zake wa Embu wakanipigia wakilia. "Nani ameweka hiyo picha?"

"Labda ni wanafunzi," nikasema.

Jirani yangu, Mama Kendi, akaniletea mkungu wa ndizi. "Pole, mwalimu. Peleka hizi matangani."

Nikaupokea, maana kuukataa kungekuwa kukiri. Kabla sijautua chini, simu ikalia. Ilikuwa namba ya marehemu.

"Daktari, duka yangu imejaa watu wanalia, mke yangu anawapa chai. Sasa hiyo Ijumaa nikuje Embu mwenyewe, ama mwili iletwe?"