Ghala la Mwalimu Masalu, Wasipocheka Watu

Mwalimu Masalu aliichukia ngoma ya Shigela kabla hajaisikia. Aliambiwa tu kwamba Shigela, mwanafunzi wake wa zamani aliyefunzwa mieleka kwa mikono yake, amefungua kambi ufukweni, na kwamba wanamieleka wake wanafanya mazoezi kwa bugobogobo, ngoma ya kulimia. Masalu akatema mate. "Basi awape na majembe kabisa," alisema.

Yeye hakuwa na mchezo. Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu mwaka tisini na nne, timu yake ya mieleka ilikufa siku hiyohiyo. Wenzake waliopunguzwa walikwenda kuuza mitumba. Masalu alibaki na ghala bovu la Nyakato, magunia ya pumba za pamba ya kuangukia, filimbi, na wanamieleka saba. Maji yalinywewa baada ya mazoezi. Aliyecheka alibeba gunia na kulizunguka ghala mara ishirini. Aliyesema anaumia alionyeshwa mlango. "Mieleka ni mateso," aliwaambia kila asubuhi, tena kwa raha, maana hilo ndilo jambo pekee alilokuwa nalo ambalo hakuna mwekezaji angekuja kulinunua.

Mmoja mmoja wakahamia kwa Shigela. Miaka miwili baadaye alibaki Ndalahwa, aliyevuka kwa kivuko kutoka Kamanga kila alfajiri na hakulalamika hata siku moja. Masalu alimpenda kwa hilo, ingawa angekufa kabla ya kumwambia. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamekaribia, na Ndalahwa alipangiwa mtu wa Shigela. Akishinda, Masalu alijua, wale sita watarudi wameinamisha vichwa.

Siku nne kabla ya pambano, Ndalahwa akiwa mazoezini, Shigela alifika ghalani.

"Shikamoo, mwalimu."

Masalu hakuitikia.

"Bega la Ndalahwa si zima. Nimemwona kivukoni, hata kikapu anabebea mkono wa kushoto."

"Mtu wako anaogopa, ndiyo maana umetumwa."

"Sijatumwa. Sitaki kumshinda mgonjwa."

"Rudi ukacheze ngoma yako."

"Tunacheza, ndiyo. Baba zetu walilima kwa ngoma toka asubuhi mpaka jua la utosi, na shamba likaisha. Hata wewe ulilima hivyo, mwalimu. Ulitusimulia mwenyewe."

Ni kweli alikuwa amewasimulia, na kukumbushwa kulimuudhi kuliko tusi. Akaenda akasimama mlangoni ili Shigela aone pa kutokea, kisha akamgeukia Ndalahwa.

"Wewe. Bega linauma?"

Ndalahwa alimtazama mwalimu wake, akautazama na mlango.

"Haliumi, mwalimu."

Siku ya pambano, kwenye uwanja wa Nyamagana, bega lilichomoka raundi ya pili. Ndalahwa hakupiga kelele. Mpinzani wake ndiye aliyemwachia na kumwita mwamuzi, huku Masalu akifoka kutoka pembeni, "Simama! Simama, wewe!" Watu walimtazama kwa chuki, na walistahili kumtazama hivyo.

Alimfuata hospitalini, hasira haijamtoka.

"Kwa nini hukusema?"

Ndalahwa aliutazama mkono wake uliofungwa kifuani.

"Ningesema ningekwenda wapi, mwalimu?"

"Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza ukiwa umesimama mlangoni."

Kwa majuma matatu Masalu alifungua ghala asubuhi na kukaa juu ya magunia peke yake. La nne likamshinda. Akavaa filimbi yake shingoni, akashuka ziwani kwenda kugombana na Shigela, maana ugomvi ndio kitu kilichobaki mkononi mwake.

Kabla hajafika alisikia kicheko, kikubwa, cha kukoroma, cha mtu anayejiachia. Alijiuliza ni nani yule. Wale sita walikuwa wakivutana mchangani, jasho linawatiririka, wanatukanana kwa utani. Aliyecheka alikuwa Ndalahwa. Mkono mmoja ulikuwa bado umefungwa. Kwa mwingine alipiga ngoma, akikosea mapigo, na kila alipokosea walimzomea naye akacheka tena. Masalu alikuwa amemfundisha miaka miwili na hakukijua kicheko chake.

Alitia filimbi mdomoni, akapuliza kwa nguvu zote.

Sita wale waliendelea kuvutana. Ndalahwa peke yake ndiye aliyegeuka. Alimwona mwalimu wake, kicheko kikakatika, akaweka ngoma chini na kusimama wima, akingoja kuambiwa azunguke na gunia mara ngapi.