Pini Moja Njia ya Vanga

Nilipelekwa Vanga kwa sababu ya mihimili mitatu ya chuma. Bendera yetu ilikuwa ingali mpya, na Serikali ilikuwa imeahidi daraja pale mkono wa bahari unapoikata njia. Nguzo za mawe zilikwisha kujengwa, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Mihimili nayo ilikwisha fikishwa; kilichosalia ni kuilaza juu yake, na kazi hiyo haikuwezekana ila kwa winchi ya minyororo, ile mashine ya kuinulia mizigo inayotambaa kwa minyororo ya chuma badala ya magurudumu. Mimi nilikuwa fundi katika gereji ya ujenzi Mombasa. Dereva wa winchi alikuwa Mzee Salim wa Mtongwe, aliyeipenda mashine ile kuliko kofia yake ya Ijumaa.

Likoni, asubuhi, tulivuka feri kwa mafungu: kwanza trela lililobeba kiwiliwili cha winchi, kisha lori lenye mkono wake uliofunguliwa vipande. Mzee Salim alikuwa akiwasomea abiria kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa winchi.

"Tani kumi! Yainua tani kumi hii!"

"Mzee wangu," nikamwambia, "tani kumi ni mkono ukisimama wima na miguu ikikaa sawasawa. Mkono ukiinama mbele, hata tatu ni nyingi."

"Wewe Hamisi, huna furaha," akasema, na abiria wakacheka.

Msambweni tulifika alasiri, tumejaa vumbi. Nikaingia chini ya winchi na taa. Huko ndiko uliko uhai wa mashine: mnyororo wenye viatu, yaani vibao vya chuma vinavyokanyaga ardhi, rola zinazobeba uzito wote, na pini zinazoshika kiungo kimoja na kingine. Rola moja ilikuwa imekwama kwa mchanga; nikaifungua, nikaisafisha, nikaitia grisi. Pini tatu zilikuwa zimeliwa. Nilikuwa na tatu mpya, lakini nikabadilisha mbili tu. Ile ya tatu niliitazama nikaona itavumilia, nami nilikuwa nimechoka.

"Waiosha miguu kama bi harusi!" Mzee Salim akapiga kelele kutoka hotelini, kikombe cha chai mkononi.

Siku ya pili, baada ya Lungalunga, trela lilizama matopeni likakataa kwenda. Tukaiteremsha winchi iende kwa miguu yake. Nzito kuliko lori mara nyingi, lakini ilipita juu ya tope lile lile bila kuzama, kwa kuwa viatu vyake vipana viliutandaza uzito. Watu waliacha makonde yao wakaja kuangalia. Mwendo ulikuwa wa kobe, na jua lilikuwa linatua tulipofika majini.

Tulikaribishwa na Bi Mwanakombo, mjane mwenye shamba la minazi kando ya nguzo za daraja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Masika yaliyopita mkaza mwanangu alishikwa na uchungu, tukambeba kitandani mpaka hapa. Maji yamejaa. Tulisubiri yatoke, na mtoto hakusubiri; tukamzika." Akasogeza sinia mbele yetu. "Basi kuleni, mpate nguvu."

Usiku ule tuliuunga mkono wa winchi kwa mwanga wa taa, na asubuhi maji yalipokupwa, tulilaza magogo ya minazi yake juu ya mchanga, winchi ikashuka ikasimama juu yake. Mhimili wa kwanza ukapanda ukakaa. Wa pili ukakaa. Mzee Salim akairudisha winchi nyuma kuuchukua wa tatu, na hapo nikasikia mlio kama bunduki. Mnyororo wa kushoto ulifunguka ukalala mchangani kama nyoka aliyepigwa. Ilikuwa ile pini ya tatu, niliyoiacha bila kuibadilisha.

Maji yalikwisha geuka, yanaanza kujaa. Yangefika kwenye injini, winchi ingebaki pale, na daraja nalo.

Mzee Salim akateremka, uso umempauka. "Hamisi, tufanyeje?"

"Kosa ni langu, Mzee. Nipe watu."

Bi Mwanakombo hakungoja kuombwa. Alipaza sauti iliyofika mpaka msikitini, na watu wakaja, wake kwa waume, na kamba za makumbi ya nazi. Wakaufunga mnyororo, wakauvuta juu ya rola: "Haya! Haya tena!" Nikalegeza gurudumu la mbele, lile linaloukaza mnyororo, nikazileta ncha mbili pamoja kwa jeki na mtaimbo. Maji yalinifikia kwenye vifundo vya miguu. Nikatia pini mpya, Mzee Salim akaigonga kwa nyundo kubwa, pigo baada ya pigo, hadi ikazama yote. Nikakaza gurudumu.

"Polepole," nikamwambia.

Mnyororo ukazunguka. Mhimili wa tatu ukapanda, ukapita juu ya vichwa vyetu, ukashuka mahali pake kwa mshindo tulioufurahia kuliko ngoma. Winchi ilipanda ukingoni viatu vikichuruzika maji ya chumvi. Watu walinibeba juujuu. Bi Mwanakombo alipiga vigelegele akilia.

Tulirudi Mombasa siku ya tano, wachafu na wenye kuimba. Nilikuwa nimejifunza kwamba watu huusifu mkono, lakini mashine husimama kwa miguu. Na kwamba kitu kilicholiwa hakivumilii kwa sababu fundi amechoka.

Wiki chache baadaye mhandisi wetu alituita ofisini. Gereji ilikuwa inaagiza winchi nyingine, naye alitaka kuandika sifa zinazotakiwa. Akauliza tani, akauliza urefu wa mkono, akaanza kuandika. Mzee Salim akasimama: "Bwana, mwulize huyu kwanza."

Nikaanza kutaja upana wa viatu, idadi ya rola, unene wa pini, na pini ngapi za akiba. Mhandisi akainua kichwa. Akaichana ile karatasi, akachukua nyingine safi, akanivutia kiti.

"Keti, fundi," akasema. "Anza tena, taratibu, niandike."