Masufuria ya Kalathoumi

Kalathoumi aliletwa Moroni, kisiwani Ngazidja, kwa ndege mwaka 1977, pamoja na Wakomoro wengine waliokimbia mauaji ya Majunga, Madagaska. Alikuwa na begi moja na mama mgonjwa. Mama hakumaliza mwaka. Wanawake wa mtaani, ambao hata jina la Kalathoumi hawakulijua vizuri, walikuja wakapika siku tatu mfululizo kwa masufuria ya kuazima nyumba hii na ile. Kalathoumi alilia, akala, na katikati ya kilio akagundua kwamba hakuna sufuria hata moja lililokuwa na kifuniko chake. Matanga yalipoisha, alianzisha chama.

Kwa miaka ishirini iliyofuata, asubuhi aliuza majani ya muhogo soko la Volo Volo, na alasiri akawa mtu wa shughuli za watu. Masufuria matano makubwa ya chama, yenye vifuniko, yalikaa ukumbini kwake. Aliyehitaji aliazimwa bure, na wanawake wa chama walikwenda kumpikia, pia bure. Sharti lilikuwa moja tu: yarudi yanang'aa. Bwana mmoja mkubwa serikalini alirudisha lake likiwa na ukoko. Kalathoumi alilibeba mpaka kwa bwana huyo, akatia mchanga na makumbi ya nazi ndani, akakaa barazani mpaka likasuguliwa.

Julai 1997, jirani yake Charif, fundi cherehani mzaliwa wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, alikwenda kwao kumwoza binti yake Noussaïba. Aliazima masufuria matatu, yale makubwa kuliko yote. Harusi ilifana. Charif akatangulia kurudi Moroni, masufuria yafuate kwa chombo kingine. Kabla hayajapakiwa, mwanzoni mwa Agosti, Ndzuani ikatangaza kwamba imejitenga.

"Kwa hiyo masufuria yangu yako nchi ya nje?" Kalathoumi aliuliza.

"Inaonekana hivyo," alisema Charif, macho yake kwenye cherehani.

Moroni nzima ilikuwa na maoni. Wapo waliotaka jeshi, wapo waliotaka mazungumzo. Kalathoumi alitaka vyombo. "Wajitenge wakipenda," alisema pale sokoni, "lakini mtu akihama harudishi alivyoazima?"

Baada ya miezi minane alichoka kungoja. Alipanda boti iliyobeba unga, akatapika njia nzima, akateremka Mutsamudu.

Bandarini alimkuta mlinzi, Oirdine, mtu mzima mwenye kitambi, bunduki begani na daftari mkononi.

"Mama, lafudhi yako si ya hapa. Wewe ni Mngazidja?"

"Ngazidja wananiita mtu wa Majunga."

"Basi wewe ni mtu wa Majunga."

"Majunga waliniita Mkomoro, wakanifukuza."

Oirdine aliangalia daftari lake. Kulikuwa na safu ya raia, safu ya wageni na safu ya maadui. Aliuma kalamu. "Umekuja kufanya nini?"

"Kuchukua masufuria."

Akafungua ukurasa wa mizigo, akamwandika humo, akampisha.

Dada yake Charif, aitwaye Moina, hakumficha kitu. Alimpeleka moja kwa moja hadi ua wa zahanati moja ya mtaani. Masufuria matatu yalikuwa juu ya mafiga, meusi tii. Wanawake sita walikuwa wakikoroga uji wa wagonjwa, na foleni ya mabakuli ilikuwa imefika barabarani.

"Tangu mambo yaharibike, wagonjwa hawana wa kuwapikia," alisema Moina. "Tukaanza sisi. Hatulipwi. Nilitaka kuyarudisha, dada yangu, lakini kila nikiamka nakuta watu wanangoja."

Njia nzima Kalathoumi alikuwa ameandaa maneno makali, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Akachungulia sufuria la kwanza.

"Uji huu una mabonge," alisema.

"Tunajitahidi."

"Nipe mwiko."

Alikaa siku kumi na moja. Aliwafundisha kukoroga, kisha kusugua, na kwa kusugua alikuwa mkali kiasi kwamba mwanamke mmoja kutoka Mirontsy aliuliza kama Wangazidja wote wako hivyo. Kama wako hivyo, alisema, basi anaelewa kwa nini watu wamejitenga. Kalathoumi alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kuondoka, Oirdine alimngoja bandarini na karatasi yenye muhuri. "Kibali cha kutoa vyombo vya chuma. Nimekiandika mwenyewe."

"Siyatoi tena. Andika kwamba yameazimwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wagonjwa wapone."

Oirdine alinung'unika, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa umetoka vizuri, lakini akageuza karatasi akaandika upya nyuma.

Aliporudi Moroni, Echat, makamu wake chamani, aliisoma hati ile mara mbili. "Umeenda kuleta masufuria, umeleta karatasi."

"Yanafanya kazi," alisema Kalathoumi. "Hapa yangekuwa yamelala tu."

Wakaendelea na mawili yaliyobaki. Aprili 1999 mazungumzo na Ndzuani yalivunjika, na makundi ya wanaume yakaanza kupita mitaani Moroni yakiwatafuta Wandzuani. Charif alijifungia ndani. Asubuhi moja Kalathoumi na wenzake walipanga mafiga mlangoni pake hasa, wakawasha moto, wakajaza njia nzima kwa mikeka.

Kundi lilifika kabla ya adhuhuri. Aliyetangulia alikuwa na gongo.

"Shughuli ya nani hii?" aliuliza.

"Ya mtaa. Lete hilo, kuni zimepungua," alisema Kalathoumi, akalichukua mkononi mwa mtu huyo na kulitia motoni. "Nyie wengine, magongo hapa, viatu kule. Nani atachota maji?"

Walitazamana. Mmoja alikuwa amepikiwa harusi yake kwa masufuria yale yale, na mama yake alikuwa pale akichambua mchele. Akavua viatu.

Walipika hivyo siku tatu. Siku ya tatu mtaa ulipotulia, Charif alifungua mlango, akasimama na sahani yake, machozi yanamtoka.

"Kalathoumi, sijui niseme nini."

"Sema kama chumvi inatosha."

Alionja. "Imezidi kidogo."

"Basi rudi ndani."

Alirudi, lakini kwanza alijipakulia tena.