Siku Niliyompinga Mume Wangu Juu ya Maji

Iko siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nataka uketi hapa nikusimulie, maana naona umeanza kushika mambo ya watu wengi, na hayo yana moto wake. Ni siku niliyosimama juu ya benchi katika uwanja wa shule, mbele ya kartie nzima, mtaa wetu wa Jabe, nikampinga mume wangu. Wewe unamjua kama mzee mpole anayesinzia kitini na redio ikisema peke yake. Siku hiyo alikuwa kijana, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na aliyelipiga pasi asubuhi ni mimi.

Nianze mbali kidogo. Mimi sikuzaliwa hapa Bujumbura. Nilizaliwa Kongo, upande wa milima inayotema moto, nikaletwa huku na shangazi yangu nikiwa msichana, wakati wa vita. Kule kwetu tulikunywa maji ya chemchemi, maji baridi, matamu, yasiyo na harufu yoyote. Hatukujua kwamba mawe ya milima ile huyatia maji madini yanayoitwa floridi, na kwamba yakizidi huharibu meno ya mtoto yangali ndani ya ufizi. Yangu yaliota na madoa ya kahawia, mengine yamelika ukingoni. Nilipofika Jabe wasichana wa hapa walidhani sijui mswaki. Nikajizoesha kusema midomo ikiwa karibu kufungwa, na kucheka nikijifunika na kitenge.

Fabiani alikuwa Mrundi, muganga wa meno katika kituo cha afya. Cheo chake cha kweli kilikuwa kidogo kuliko hapo, lakini sisi tulimwita hivyo naye hakukataa. Nilikwenda kwake jino likiniuma. Aliponiambia nifungue kinywa nilifungua, macho nikayafumba kwa haya. Hakushtuka. Aliuliza tu, "Ukiwa mutoto, ulikuwa unakunywa maji ya wapi?"

Kabla ya siku hiyo, mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wote walikuwa wameshajijibu. Nadhani niliolewa palepale kwenye kile kiti chake, harusi ikafuata baadaye.

Tulikuwa na mtoto mmoja, anatambaa, ilipokuja habari ya dawa ya maji. Ilikuwa Jumamosi, tumemaliza kufagia mitaro pamoja kama ilivyo desturi, shefu wa kartie akatutangazia kwamba kuna mradi wa maji, na wenye mradi wataanza kutia floridi kidogo katika tangi linalotulisha sisi, ili meno ya watoto wasio na dawa ya meno yasioze. Alisema kana kwamba jambo limekwisha. Watu wakapiga makofi kidogo, wakachukua majembe yao, wakaenda. Mimi nilibaki nimeshika ufagio. Lile neno nililijua tangu kwenye kiti cha Fabiani. Nilikuwa nalo kinywani.

Nyumbani Fabiani alikuwa na furaha ya mtu aliyejibiwa sala yake.

"We hujui vile batoto banalia pale," aliniambia. "Jana nilimung'olea mutoto wa kike meno mbili, shavu imevimba mpaka jicho inafunga. Mama yake hana hata mswaki. Tukitia kidogo mu maji, yule hatakuja kwangu."

"Na nani alituuliza?" nikasema.

"Itakuwa kidogo, mama. Si kama ya kwenu. Ya kwenu ilizidi."

"Walipima hii ya hapa, iko nayo kiasi gani tayari?"

"Hiyo wataangalia."

"Mutu akitaka dawa anakuja kwako, unamuangalia, unamupa. Lakini maji, Fabiani! Napika nayo uji wa mutoto, napika nayo maharage, naye akisikia kiu nampa ileile. Nisipoitaka nitakwenda kunywa wapi? Ziwani?"

Hatukugombana kwa sauti. Ingekuwa afadhali. Tulikuwa tunapishana katika ile nyumba ya vyumba viwili kama watu waliokutana kituo cha basi, kila mmoja na adabu zake. Usiku nilimsikia akigeuka. Nilijua anaona yule mtoto mwenye shavu lililovimba, naye alijua mimi naona nini. Wote wawili tulikuwa tunawafikiria watoto, na hilo ndilo lililouma.

Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na wanawake wawili wa sokoni. Hatukuwa na chama wala jina. Tuliomba jambo moja: wenye mradi waje watuambie uso kwa uso, wapime maji kwanza, na sisi tuseme ndiyo au hapana. Wengi walitusikiliza wakiendelea kuchambua maharage. Meno hayawatii watu hofu, mwanangu.

Ndipo akajiunga nasi Papa Dunia, muuza nguo za mitumba, mtu mwenye kinywa chepesi na rafiki kila kona. Alitusikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, hivi hamutafika. Tuseme ile dawa inafunga uzazi. Mara moja tu tuseme vile sokoni. Kesho hakuna mutu atakubali."

"Lakini si kweli," nikasema.

"Kweli utaitafuta ukisha kushinda."

Sikumkubalia, lakini sikumkatalia vilevile. Niliondoka na lile neno likinizunguka kichwani. Nilikuwa nimechoka kubisha milango.

Kesho yake nilikwenda Kibenga kumwona mabukwe, mama wa Fabiani. Alikuwa na kishamba kidogo cha mboga karibu na ziwa, na mimi nilipenda kwenda kumsaidia kupalilia. Nilimweleza yote nikiwa nimeinama, nisimtazame usoni, maana nilitegemea ataniuliza ni mke wa namna gani anayepingana na mume wake hadharani. Akaendelea kung'oa majani. Kisha akaketi chini palepale katikati ya tuta.

"Ukitaka kumupinga mutoto wangu, mupinge," alisema. "Mi namupingaka tangu anazaliwa, na hajakufa. Lakini huyo mutu wa mitumba anataka umuite muuaji. Mwanamuke mwenye hazai akisikia hivyo, atakuja kulia kwa mulango wa Fabiani, ataomba arudishiwe tumbo lake. Na wewe utakuwa ndani, unapika. Utamuambia nini?"

Nikazidi kupalilia.

"Na tena," akasema, sasa kwa ukali, "meno yako iko kinywani mwako. Unaendea uongo wa nini?"

Mwanangu, nilikasirika. Nilichukua kikapu changu nikaenda bila kuaga vizuri, na mabukwe hakuwa mtu wa kuachwa bila kuagwa vizuri. Lakini nilipofika kwa Papa Dunia, nilimwambia asiliseme lile neno, si kwa jina langu. Alicheka, akasema mimi nina moyo wa kanisani.

Mkutano tuliouomba ulifanyika Jumapili mchana katika uwanja wa shule. Mgeni wa mradi alikuwa mama mmoja mtulivu, anakaa Kinindo, mtaa wa wenye nafasi, aliyekuja na gari lake mwenyewe na kusalimia kila mtu kwa mkono. Akamwachia Fabiani aeleze, kwa kuwa ndiye aliyejulikana. Na Fabiani alieleza vizuri! Niliona fahari, nikiwa palepale kwenye upande wa wapinzani. Alisimulia juu ya yule mtoto wa shavu lililovimba mpaka wamama wakawa wanajifuta macho.

Papa Dunia akasimama. "Mutu huyu ametumwa!" alipaza sauti. "Ile dawa inaua uzazi ya bibi zetu! Anajua, anaficha!"

Sijui kama umewahi kusikia watu wengi wakiogopa kwa pamoja. Sauti hubadilika, inakuwa kama ya kitu kimoja. Walisogea mbele. Kijana mmoja alimshika Fabiani kifuani kwa shati, na kitambaa kikachanika. Fabiani hakurudisha mkono. Alinitafuta kwa macho, sikujua anataka nini kwangu.

Nikapanda juu ya benchi.

"Mumuache!" nilipiga kelele. "Huyu ni bwana yangu! Mi nampinga, lakini si muuaji. Uzazi haiko mu neno hili. Mwenye kusema hivyo anadanganya, hata kama anasema upande wangu!"

Yule kijana akaliachia shati, nadhani kwa mshangao tu. Nikaona kwamba sina muda. Nikakishusha kitenge kutoka usoni, nikafungua kinywa changu mchana kweupe, nikageuka pande zote, waliokuwa kulia wakaona, na wa kushoto.

"Angalieni. Hii ni floridi ya maji ya kwetu. Hakuna mutu mubaya alituwekea, ilikuwa mu mawe. Kidogo inasaidia, bwana yangu anasema kweli. Ikizidi, inafanya hivi. Mi nauliza tu: hapa tuko na kiasi gani tayari? Na nani alituuliza kama tunataka?"

Mwanamke mmoja muuza unga wa muhogo, ambaye nilikuwa nanunua kwake kila juma bila kujua ametoka kwetu, alisogea akasimama kando ya benchi. Alifungua kinywa chake, naye akawaonyesha.

Fabiani ndiye aliyejibu wa kwanza, shati limening'inia. Alimgeukia mgeni. "Mama, swali ya bibi yangu ni ya haki. Tupime kwanza. Na bakikataa, bamekataa."

Yule mama wa mradi alikubali mbele ya wote. Baadaye walikuja kweli, wakapima, wakakuta iko kidogo, wakaitisha mkutano mwingine, watu wakakataa hata hivyo, na floridi haikutiwa katika tangi letu. Papa Dunia alitangaza sokoni kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Tulimwachia.

Lakini nirudi kwenye ile Jumapili. Jioni nilishona lile shati, Fabiani ameketi mbele yangu na fulana.

"Umenishinda," akasema.

"Nimekujibu tu."

Akacheka kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Na meno ya batoto?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyeliuliza pale uwanjani, na sikuweza kulikwepa. Dawa yake tuliikataa katika ule mkutano wa pili. Ugonjwa ulikuwa bado uko palepale. Basi wale wanawake wawili, na muuza unga, na mimi, tukaanza kwenda naye shuleni. Alikuwa anawafundisha watoto kupiga mswaki, na mimi nilibeba sanduku la dawa ya meno, ambayo ndani yake kuna floridi ileile. Watu walinicheka. Niliwaambia hii mtu anaitia mswakini kwa mkono wake mwenyewe, na akimaliza anaitema. Tulifanya hivyo miaka mingi. Hata hivyo wako watoto ambao hatukuwafikia, waliong'olewa meno, ambao pengine maji yale yangewasaidia. Sikufichi. Mtu akikataa jambo abebe na uzito wa kukataa kwake.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Kitu kikiletwa kwa watu wote, hata kikiletwa na mtu mwema kwa nia njema, una haki ya kuuliza, tena uulize kwa sauti. Usijione mkorofi. Ila unapouliza, simama na kile unachokijua. Utakutana na uongo unaosaidia upande wako. Huo ndio wa kuukataa mapema kuliko wote, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeukataa kwa niaba yako. Mtazame unayempinga mpaka uone anampigania nani. Na siku utakayoshinda, usiende kulala. Nenda kwa aliyeshindwa umuulize ni kazi gani imebaki, muishike pamoja.

Nilirudi Kibenga kumwomba mabukwe msamaha wa kutoaga. Aliniwekea ugali na ndagala, akasema nile kwanza.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka sana, na ikitetemeka, akupe mtu wa kusimama kando yako. Akuwekee nyumbani mwako mtu wa kukupinga kwa upendo, na akujalie masikio ya kumsikia. Nenda, mwanangu, nenda na amani.