Bibi Soksi na mstari mwekundu

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu amekaa sakafuni katika wodi ya watoto, anajipaka rangi usoni mbele ya msichana wa miaka sita. Pua nyekundu ya sponji ameishika mtoto.

"Nivae sasa?" anauliza.

"Bado. Hapo umepaka vibaya."

Anafuta, anaanza upya. Kwa amri kama hizo, wauguzi wamembatiza mtoto huyu Hakimu. Mwanamke mwenyewe wanamwita Bibi Soksi, kwa kuwa soksi zake hazijawahi kufanana. Siku tatu kwa wiki anawachekesha watoto wanaosubiri upasuaji. Siku tatu nyingine anapiga deki sakafu hizihizi, kazi aliyoianza miaka kumi na moja iliyopita.

Leo kuna kazi. Hakimu ana ngiri, na upasuaji wake umeahirishwa mara mbili kwa sababu akifika mlangoni anaangua kilio na kurusha mateke.

"Daktari anasema ngiri ikinasa itakuwa dharura," anasema mama yake, mshonaji nguo. "Mara ya kwanza alimng'ata muuguzi. Niliona aibu, lakini moyoni nililia naye."

Kujipaka rangi mbele ya mtoto ni somo ambalo Bibi Soksi alilipata kwa kuumbuka. Siku ya kwanza aliingia wodini akiwa amekamilika, pua, kofia na yote. Watoto wanane wakalia kwa mpigo, wa tisa akajificha chini ya kitanda.

"Nimekuja kuwatuliza, nimekuwa jini," anasema, akicheka mpaka rangi inapasuka mashavuni. "Kumbe mtoto anaogopa uso asiojua umetoka wapi. Siku hizi nauvaa akiniona."

Tena hadanganyi. Humsikii akisema "hutasikia kitu". Hakimu ameambiwa waziwazi: ukiamka koo litakuwa kavu, tumbo litauma kidogo, mama atakuwepo.

Chanzo cha yote ni mwana wa Bibi Soksi mwenyewe. "Alikuwa na miaka minne. Walimpokonya mikononi mwangu kumpeleka kwenye upasuaji, huku ananiita. Alipona, sasa ana ishirini na sita, lakini hospitali hakanyagi. Akinifuata jioni, ananisubiri nje ya geti." Anavuta soksi yake juu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Saa mbili na nusu wanaitwa. Kwenye korido, hatua chache kabla ya chumba cha upasuaji, sakafu ina mstari mwekundu. Mama na mchekeshaji huishia hapo. Hakimu anafika, anasimama, midomo inaanza kutetemeka.

"Bibi Soksi aje."

"Haruhusiwi, mama," muuguzi anambembeleza mtoto.

"Basi na mimi siruhusiwi."

Daktari wa usingizi, bwana wa maneno machache ambaye mwezi uliopita alisema kikaoni kwamba chumba chake si uwanja wa sarakasi, anautazama mstari, kisha anamtazama mtoto.

"Avae nguo za chumba cha upasuaji," anasema. "Rangi, pua na soksi zibaki nje."

Pua anakabidhiwa mama mtu. Bibi Soksi anakwenda kunawa, anarudi na gauni la kijani, kofia na barakoa. Yanaonekana macho tu. Mwandishi wa habari hizi anasahau kuandika.

Hakimu anamkagua kutoka juu hadi chini.

"Ni yeye," anamwambia muuguzi. "Nilimwona kabla hajapaka."

Anamshika mkono, wanavuka.

Yaliyofuata ameyasimulia daktari wa usingizi: mtoto alimwagiza Bibi Soksi ahesabu pumzi zake, akawa anamkosoa mpaka ya saba, ndipo usingizi ukamchukua. Hapakuwa na kilio.

Mchana Hakimu ameamka salama, analalamika koo limekauka, "kama alivyosema."

Bibi Soksi anataka aruhusiwe kuvuka na kila mtoto atakayemhitaji. Daktari wa usingizi ameahidi kwenda naye wiki ijayo kwa mganga mkuu kulisemea hilo.

Jioni, kijana mrefu amesimama upande wa pili wa geti. Mama yake, Bibi Soksi, anamwona kwa mbali, anaanza kutafuta kopo la rangi mkobani.

"Leo nitajipaka palepale nje, akiniangalia," anasema. "Akiniona tangu mwanzo, huenda siku moja naye akavuka."