Ufunguo wa Choo cha Kambi

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mbwa wa balozi, ila siyaandiki. Wajukuu zao wako Karatu na sitaki ugomvi sokoni.

Miaka ya sabini mwishoni tulikaa kambi ya vibarua, shamba la kahawa. Nyumba moja ndefu ya bati, vyumba vimefuatana kama mabehewa, sisi wa Singida katikati ya Wagogo na Wambulu. Shamba lilituwekea msimamizi wa nyumba. Kazi yake bati lisivuje, pipa la maji lijae, choo kiwe safi. Yeye akaona choo kitakuwa safi watu wasipoingia. Akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Ukimwomba anakuuliza, "Ni lazima sasa hivi?"

Sisi tulishazoea kukimbilia kwenye mibuni. Lakini akaja mama mkwe, mara ya kwanza tangu niolewe, na nilijua akirudi kwao atasimulia nyumba yangu mlango kwa mlango. Nilitaka asimulie vizuri. Basi asubuhi, baada ya uji, akaninong'oneza, "Mkwe, huwa mnaelekea wapi?"

Nikampeleka. Kufuli. Msimamizi kaenda mnadani, na ufunguo kaenda nao. Mibuni nayo imejaa wachumaji. Utamwambiaje mama mkwe?

"Subiri kidogo tu, mama."

Akasubiri. Akakaa, akasimama, akaanza kusifia mboga zangu haraka haraka. Balozi wetu wa nyumba kumi alipopita alimkuta anazunguka nyumba kama anayepima kiwanja.

"Shikamoo mama. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Nilichopoteza kiko mnadani, kimevaliwa shingoni."

Balozi hakuuliza tena. Alichukua jembe langu akang'oa komeo, na mama mkwe akaingia bila kushukuru, hakuwa na nafasi.

Jioni msimamizi akarudi na mbuzi wake, akakuta kikao kinamsubiri. Akafoka, "Mimi nimewekwa na shamba! Siwekewi masharti na wapangaji!"

Mama mkwe akainuka. "Wewe unawasimamia hawa. Wewe unasimamiwa na nani?"

Halafu Mgogo mmoja akapaza sauti nyuma, "Asimamiwe na wewe hapo, mama!" Makofi hayo! Balozi akapitisha palepale: komeo lirudishwe, ufunguo ufungwe kwenye kengele ya ng'ombe usipotee, utundikwe mlangoni kwangu, na msimamizi kila asubuhi aje kwa mama mkwe aeleze habari za bati, pipa na choo.

Shida ya kengele ni kwamba kambi nzima ilijua nani anakwenda, na kwa mwendo gani. Msimamizi mwenyewe alikuja akinyata kuomba ufunguo. Mama mkwe akamtazama taratibu. "Ni lazima sasa hivi?"

Bati liliacha kuvuja. Pipa likajaa. Mume wangu akauliza kwa adabu, "Mama, kwani nyumbani unarudi lini?"

"Niache kazi?"

Alikaa mpaka kahawa ikaisha. Siku ya kuondoka, tukingoja basi, nikamwangalia mdomoni nisikie atasema nini juu ya nyumba yangu.

"Nyumba nzuri, mkwe," alisema. Kisha akafunua kanga, akaniwekea ile kengele mkononi. "Lala nayo."