Kinyonga wa Neema na Kioo cha Mama

Nakumbuka adhuhuri moja ya kiangazi, mwanangu, mjomba wetu aliposhuka kutoka milima ya Rurambo na kuingia uani kwetu hapa Uvira akiwa amenyoosha fimbo ndefu mbele yake, kama mtu aliyebeba kaa la moto. Kwenye ncha ya fimbo alikuwa kinyonga mwenye pembe tatu. Wapita njia walimpisha. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alivuka barabara na beseni lake kichwani, akilitaja jina la Yesu. Na mjomba mwenyewe ndiye aliyetokwa jasho kuliko wote, maana hata yeye alimwogopa yule mnyama. Alimbeba kwa ajili ya Neema, apate kitu cha kumsahaulisha kitanda.

Neema ni mdogo wangu. Alikuwa ameanguka kwenye pikipiki akavunjika mguu, na tangu atoke hospitali alilala sebuleni, mguu umefungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Mguu haukututisha sana. Kilichotutisha ni sahani. Daktari alikuwa amesema mfupa hauungi vizuri kwa mtu asiyekula, naye Neema alikuwa hali. Alimega bugali kidogo, akatazama watu waliomzunguka, akarudisha sahani. Mikono yake ilikonda mpaka bangili ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko.

Mjomba alipoisimamisha ile fimbo mbele ya kitanda, kinyonga aligeuza jicho moja kwa Neema na jingine kwa mama. Neema akacheka.

"Anatembea sawa shefu wa kartiye," akasema.

Jina likabaki hilo: Shefu, kama mkuu wa mtaa wetu.

Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu umenionyesha kwenye simu picha ya kibanda unachotaka kumjengea kinyonga wako, kizuri, cha vioo pande zote, ukaniuliza maoni yangu. Maoni yangu ni marefu kidogo. Vumilia.

Kibanda cha Shefu nilikijenga mimi, kwa mbao za kasha la sabuni na wavu wa chandarua kuukuu. Wavu ulikuwa sahihi, kwa bahati tu. Unapitisha hewa, na mnyama wa milimani akifungiwa kwenye joto letu la ziwani bila hewa huchemka kama mboga. Mengine yote tuliyakosea. Kibanda tulikiweka chini, kwenye kigoda, kando ya kitanda cha Neema, ili kila anayeingia aone mgonjwa na kinyonga kwa pamoja. Ndani tuliweka tawi moja tupu na bakuli la maji. Kisha mama akaona kasoro.

"Ataishi peke yake namna gani? Hata mukoma anakuwaka na mwenzake," alisema.

Akaleta kioo chake, kile alichojitazamia kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, akakiegemeza ndani ya kibanda ili Shefu ajione na kudhani ana ndugu. Zawadi hiyo ilimgharimu, usidhani. Jumapili iliyofuata baba alimtazama mlangoni akamwambia, "Mama Neema, leo kilemba chako kinaelekea Burundi." Mama akakirekebisha kwa kupapasa, akatoka.

Ndivyo tulivyo watu wa hapa. Kwetu mtu akila peke yake tunauliza amekosana na nani. Penye wengi pana Mungu, mama alipenda kusema, na sebule yetu ilikuwa na wengi kweli: majirani, wanakwaya, wanafunzi wenzake, shangazi kutoka Kiringye na vikapu vya mihogo. Viti vilipokwisha watu walikaa ukingoni mwa kitanda. Neema alipozidi kunyamaza, mama aliita wengine.

Shefu naye alibadilika. Alikuja kijani kama jani la mgomba; kando ya kile kioo akawa mweusi kama chungu cha jikoni. Alijitanua ubavu, akayumba huku na huku, akafungua kinywa. Mara nyingine nilisikia pembe zake zikigonga kioo, ko, ko, ko. Wageni walifurahi wakisema anacheza na mwenzake. Panzi niliomletea walitembea juu ya mkia wake na hakuwagusa. Macho yake yakaanza kuingia ndani. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini sisi tulikuwa na macho nyumba nzima na hakuna aliyeona.

Aliyeona ni nyanya yetu, tuliyemwita Koko, mzaliwa wa Rurambo aliyefuga ng'ombe maisha yake yote. Alikuja kumwona mjukuu wake, akafika kizingitini, akakiona kibanda, akarudi nyuma.

"Minye siingie mu nyumba yenye iko na ile kitu," alisema, akaketi barazani na kibuyu chake cha maziwa ya mgando mapajani. Kutoka hapo aliona sebule yote kupitia mlango ulio wazi. Alingoja mpaka wageni wa mchana walipoondoka. Kisha akamwita mama.

"Weye, ile kioo ni ya nini?"

"Ni mwenzake, Koko. Asikuwe na upweke."

"Mwenzake? Dume umemuwekea dume ingine ku macho, asubui mpaka magaribi, na hana mahali pa kukimbilia. Kinyonga minye simujue. Najua ng'ombe. Dume wawili hatuwafunge wakiangaliana. Na ng'ombe mwenye kuumia tunamutosha pembeni, hata wenzake wasimunuse. Tunamuchukia? Hapana. Tunataka apone." Akanywa maziwa. "Mutoshe ile kioo. Na minye musiniombe nikamate."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama alikitoa kioo, akakaa nacho mkononi.

Nami nikaanza upya. Kibanda nilikitundika juu kupita kimo cha mtu, upande wa dirisha linalopokea upepo wa ziwa, kwa sababu kinyonga akiwa chini kila anayepita ni adui anayemwinamia. Nilijaza matawi mabichi ya mpera, mazito, ili aweze kujificha kabisa nisimwone hata mimi niliyemjengea. Pande tatu nilizifunika kwa vipande vya mkeka. Bakuli nililitoa, maana nilikuwa nimemwona akilamba matone kwenye majani niliyoyaosha, na maji yaliyotulia hakuyajali hata siku moja. Nikatoboa mkebe mtupu wa nyanya za kusaga kwa msumari, ukadondosha maji polepole juu ya majani. Jua la asubuhi alipata upande mmoja, kivuli upande mwingine, achague mwenyewe.

Kabla jioni haijaingia, rangi ilikuwa imemrudia. Nikamwachia panzi. Ulimi ukatoka, panzi hakuwepo.

Neema alikuwa akitazama yote hayo kutoka kitandani.

"Yaya," akaniita, kama mtu anavyomwita mkubwa wake, "mkeka imebakia?"

"Iko. Ya kufanya nini?"

"Munitundikie na minye."

Mama akageuka. Neema alikuwa akilia, bila sauti.

"Kila mutu anaangalia mudomo yangu nikikula, mama. Wanahesabu matonge. Nashindwa kumeza."

"Lakini mwanangu, watu wanakupenda!"

"Najua, mama. Minye nachoka tu."

Mama alimtazama Koko kule barazani, akitumaini labda atamtetea. Koko alikuwa akifuta kibuyu chake.

Tukatundika mkeka kutoka kwenye boriti, ukakizunguka kitanda. Viti vyote tukavitoa barazani, na wageni wakapokelewa huko. Halikuwa jambo dogo. Jirani mmoja alimwambia mama mbele ya wengine, "Siku hizi munatusimamisha inje sawa ku duwane, mpaka tuonyeshe karatasi?" Watu wakacheka kuona baraza letu limegeuzwa forodha. Mama akacheka nao, akamimina chai, na mkeka haukufunguliwa.

Usiku ule alisonga bugali, akaweka ndagala pembeni, akaubeba mpaka kwenye mkeka. Pale akasimama. Katika nyumba yake mwenyewe, mbele ya mtoto aliyemzaa, mama akapiga hodi.

"Weka tu hapo, mama," sauti ikajibu. "Nitakula."

Akaweka, akarudi kuketi nasi. Baadaye sahani ilisukumwa nje chini ya mkeka, tupu, nyeupe.

Neema alipona, na mvua zilipoanza mjomba alimrudisha Shefu kwao mlimani, kwa fimbo ileile. Basi, mwanangu, kibanda ukijenge. Lakini kila ndege huruka kwa ubawa wake, kwa hiyo uliza kwanza atakayekaa ndani anapumzikaje, si wewe unapendaje kumtazama. Na siku utakapokuwa na mke, na watoto, na mgonjwa nyumbani, wape chakula, wape watu, kisha wape pembe moja ambayo hata wewe huingii bila kubisha. Usiogope kuitwa mwenye majivuno kwa sababu hiyo.

Mungu akupe nyumba ambamo wanaokupenda watakuja wengi, na wenye hekima kati yao wajue saa ya kuondoka. Akupe usingizi usiotazamwa na mtu. Amina.